Fundo Moja Kulia, Mawili Kushoto

Mlangoni kulikuwa na swali moja tu: "Kwa nini umebisha hapa?"

Nilijibu kwa aya sita. Niliandika juu ya utu, juu ya mitandao mikubwa inayokula hasira za watu na kunenepa, juu ya imani yangu kwamba watu wakipewa mahali padogo na kanuni njema wanaweza kuishi bila kutafunana. Shahada yangu ya maendeleo ya jamii ilikuwa haijatimiza mwaka, na sikuwa nimepata mahali pengine pa kuitumia. Nikabonyeza kitufe, nikangoja.

Jibu lilikuja baada ya saa mbili. Msimamizi wa pale alijiita Bawabu.

"Umejibu maswali tisa ambayo sikuuliza," aliandika, "na lile moja nililouliza umelizunguka. Lakini umeandika mwenyewe, hukunakili popote. Karibu. Kanuni ziko ukutani. Zisome, ni chache."

Alikuwa amesema kweli. Swali lile nililizunguka kwa sababu jibu lake lilikuwa fupi na lilikuwa linauma. Nilibisha pale kwa sababu ya mikono miwili ya gauni.

Mama yangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake: dirisha linalotazama barabara, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu chenye ufa chini, na cherehani ya kukanyaga kwa mguu ambayo aliipata kabla sijazaliwa. Nilipomaliza chuo na kazi isipatikane, nilimfungulia ukurasa katika mtandao ule mkubwa ambao kila mtu yumo. Nilipiga picha za magauni, nikaandika maneno ya kuvutia, nikajibu wateja. Watu elfu thelathini na moja walitufuata. Kaka yangu, ambaye ni dereva wa gari la mikate na hana haya, aliniita Waziri wa Habari.

Halafu siku moja mteja mmoja, msindikizaji wa bibi harusi, alikuja kujaribu gauni lake. Lilimkaa vizuri mpaka aliponyanyua mikono. Kitambaa kilivutana mabegani, kikajikunja kifuani. Mkono wa gauni si kama mguu wa meza, kwamba wowote utakaa popote. Una mbele yake na nyuma yake. Mama alikuwa ameweka wa kushoto kulia na wa kulia kushoto.

Mama aliomba radhi. Alisema angerekebisha kabla ya jioni. Yule dada alikuwa ameshatoa simu, anajirekodi mbele ya kioo chetu, anapunga mikono kama kuku aliyefungwa mabawa, anacheka. Alilivua gauni, akaliacha sakafuni, akaondoka. Hadi kesho yake mchana watu laki tatu walikuwa wameitazama ile video, na ukurasa wetu ulikuwa umejaa. "Fundi kalewa." "Mpeni kazi ya kushona magunia." Kuna mmoja aliandika jambo juu ya mama yangu ambalo sitalirudia. Niliripoti. Mtandao ukanijibu kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa, ukaniuliza kama nimeridhishwa na huduma.

Mama hakulia. Alichukua shuka la zamani lenye maua, akaifunika cherehani, akatia gauni lile kwenye mfuko nyuma ya mlango. "Mwili umechoka," alisema. "Nimeshona vya kutosha."

Nilifuta ukurasa siku hiyo hiyo. Kaka alipiga kelele hadi jirani akachungulia.

"Watu elfu thelathini na moja, Waziri! Umewamwaga kama maji ya kuoshea vyombo!"

"Walikuwa wanamtukana Mama."

"Si wote!"

"Waliobaki walikuwa wanatazama."

Ana moyo mzuri, kaka yangu, ila unachelewa kufika.

*

Mtandao huo mpya niliobisha haukuwa na mwenyewe mmoja. Ulikuwa vijiji vingi, kila kimoja na kompyuta yake, msimamizi wake na kanuni zake, na katikati njia za kupita, hivi kwamba mtu wa kijiji kimoja aliweza kuzungumza na mtu wa kingine bila kuhama kwake. Cha kwetu kilikuwa na watu mia mbili na kumi na wanne. Bawabu alikuwa mwalimu wa hisabati, na kompyuta iliyobeba kijiji kizima ilikaa nyumbani kwake juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo watoto wake hawafiki. Mkewe akifagia nyuma ya kabati akagusa waya, sote tulizimika. Tukirudi tulikuta tangazo: "Samahani. Ufagio."

Kila aliyeingia alipiga hodi, yaani aliandika machache juu yake, na wenyeji walimjibu karibu. Nilipiga hodi yangu, nikapata karibu saba. Kisha nikaanza kazi kama nilivyoizoea: picha tano kwa siku za magauni ya zamani ya Mama, na chini yake "Sambaza! Tufuate! Usipitwe!"

"Binti," Bawabu aliniandikia, "umepanda juu ya paa na tarumbeta. Shuka. Sote tuko uani, tunakusikia."

Nilishuka kwa aibu. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Hakukuwa na mashine iliyochagua nani aonekane na nani azikwe. Maneno yalipangana kwa saa, la karibuni juu. Hakuna kilichovuma. Nilijihisi kama mtu aliyehama kutoka jirani na kinu cha kusaga: kelele zilimchosha kwa miaka, na sasa hapati usingizi kwa ajili ya kimya. Mara mbili nilifungua ule mtandao mkubwa nikatazama ukurasa wa kuingilia, kidole hewani.

Aliyenizuia nisirudi hakuwa hata wa kijiji chetu. Aliishi kijiji cha pili, na aliitwa Mama Swichi kwa sababu alikuwa mpokea simu kwenye swichibodi ya hospitali kubwa. Alipoteza macho akiwa na miaka ishirini.

"Mgeni," aliniandikia, "nasikia umeweka picha. Simu yangu imetamka 'picha', ikanyamaza. Picha ya nini?"

Nilirudi ukutani kusoma kanuni. Ya nne ilisema: nyuma ya kila picha kuna kisanduku cha maneno, kijaze, kwa ajili ya wanaosoma kwa masikio. Nilikuwa nimeiruka. Nikajaza haraka: "Gauni zuri la bluu."

"Uzuri nitaamua mwenyewe," alijibu. "Mimi mtu mzima, nina akili zangu. Shingo imekatwaje? Chini linamwagika au linabana? Na bluu ipi? Bluu naikumbuka. Ya sare za shule, au ya moto wa jiko la gesi?"

Nilitazama picha. Nilikuwa nimeipiga mwenyewe, nimeiweka mbele ya maelfu ya watu, na sikujua shingo imekatwaje. Ilinibidi niikuze kwa vidole. Ilikuwa ya duara, na Mama alikuwa ameizungushia utepe mwembamba wa kitambaa hicho hicho, mshono ukiwa umefichwa kwa ndani, kazi ya siku nzima ambayo hakuna aliyewahi kuitaja. Niliyaandika yote. Bluu niliipa jiko la gesi.

"Sasa ndiyo umelileta," alisema Mama Swichi. "Huyo fundi ana mkono. Bado anashona?"

Nikasema amepumzika.

Tangu hapo nilijifunza kutazama. Kila picha niliyoweka ilinigharimu nusu saa ya macho. Bawabu aliniuliza maswali kuhusu vipimo, kwa kuwa hisabati haimwachi mtu apumzike. Mwanamke mmoja muuza mbao aliniambia anasoma visanduku vyangu ingawa macho yake ni mazima, kwa sababu picha haimwambii habari za mshono wa ndani. Walikuwa watu kumi, kumi na wawili. Nilianza kuwajua kwa namna wanavyoamka: nani anasalimia, nani analalamika kwanza. Nilimwekea na Mama ile programu kwenye simu yake, ili aone kwamba duniani kuna watu wengine.

"Mimi natazama picha tu," alisema. "Maandishi yenu madogo kama mchwa." Siku hizo alikuwa na waya wa redio sikioni karibu muda wote. Tulimwacha na redio yake.

*

Jumatatu moja kaka aliegesha gari la mikate mlangoni saa sita mchana, akaingia ameshika kifungo cha shati mkononi.

"Mama, nisaidie. Bosi akiniona hivi atasema nimepigana."

Mama alivuta kigoda karibu na dirisha. Mwanga ulikuwa mzuri, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na simu, nikapiga picha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki sita kumwona na sindano. Kaka alivaa shati lake, akamshukuru, kisha akasema kama mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Eh, nimempata yule mtu. Anashona viti vya magari, anahitaji cherehani imara. Anakuja Jumamosi kuiona."

"Kuiona nini?" niliuliza.

"Kuiona cherehani, Waziri. Mama amekubali. Iko hapo imefunikwa shuka, inakusanya vumbi."

Nilimtazama Mama. Alikuwa anakusanya uzi.

"Aje," alisema. "Chuma kikikaa kinaota kutu."

Nilikwenda uani, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikafungua ile picha nijaze kisanduku chake, kwa kuwa mikono yangu ilihitaji kitu cha kufanya. Na nilipotazama, niliona. Mama ameshika sindano usoni kabisa. Macho yake hayako kwenye sindano. Anatafuta tundu kwa ncha ya ulimi. Shati ni la bluu. Uzi ni wa kijani.

Mama yangu, ambaye alikuwa ananirudisha dukani nikileta uzi uliopauka kidogo tu, alishona kifungo cha mwanawe kwa uzi wa kijani na hakujua.

Juu ya picha, mahali panapoonekana na kila mtu, niliandika "Kifungo cha kaka". Nyuma yake, kwenye kisanduku, niliandika hivi: "Mwanamke ameketi dirishani. Ameishika sindano karibu na pua, na uzi umepita pembeni ya tundu mara ya nne. Uzi ni wa kijani kwenye shati la bluu. Nadhani mama yangu haoni vizuri. Nadhani anajua. Nadhani ndiyo maana ile mikono ilibadilishana. Jumamosi wanauza cherehani yake nami sijui niseme nini."

Kisanduku kile kilikuwa mahali pa siri, au ndivyo nilivyodhani. Wenye macho wangeona picha. Mama angeona picha. Maneno yangefika kwa Mama Swichi peke yake, aliye mbali; hata yule muuza mbao nilikuwa nimemsahau.

Alijibu baada ya zamu yake. Hakutaja nilichoandika. Aliandika tu, hadharani: "Ukimjua fundi yeyote anayesumbuliwa na mikono ya magauni, mwambie kabla hajaishona afunge uzi pindoni: fundo moja mkono wa kulia, mawili wa kushoto. Vidole havidanganyi. Mimi hivyo ndivyo ninavyotofautisha soksi nyeusi na za kahawia."

*

Alhamisi alasiri nilirudi kutoka dukani na sabuni. Nyumba ilikuwa kimya, isipokuwa sauti moja nyuma ya pazia la chumba cha Mama. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa kwenye simu, yule asiye na pumzi, anayesoma Kiswahili kama mtu anayetembea juu ya kokoto bila viatu.

"A-me-ishika sindano ka-ribu na pua," ilisema sauti. "Uzi ni wa kija-ni kwenye shati la bluu. Na-dhani mama yangu haoni vizuri."

Nilisukuma pazia. Mama alikuwa ameketi kitandani, simu mapajani, na ule waya wa redio umechomoka umelala kwenye shuka. Hakuwa amegundua. Aliposikia hatua zangu alikamata waya, akaona kwamba amechelewa, akauachia.

"Kumbe redio yangu inajua habari zangu," alisema.

"Mama..."

"Fundi simu wa pale kona alinifungulia hii sauti. Mwaka jana. Nilimwambia ni ya shangazi yako." Alizima simu. "Nikawa nasikiliza mambo ya watu. Leo nimesikia yangu."

"Naomba unisamehe."

"Nikusamehe kwa kuona, au kwa kuandika?"

"Kwa kuandika."

"Na kuona?"

Niliweka sabuni chini, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, kama nilipokuwa mdogo nikiokota pini.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Mwaka juzi. Ilianzia pembeni. Mtu akija kwa upande huu simjui mpaka anisalimie. Nikasema ni uchovu. Halafu tundu la sindano. Halafu rangi zinafanana jioni." Alikunja waya wa masikio vizuri, akaufunga kama anavyofunga futi ya kupimia. "Sasa ningesema nini? Fundi akisema haoni, amebakiwa na nini, mwanangu? Ni kama mpishi aseme haonji."

"Nitayafuta yale maneno sasa hivi."

"Usifute!" Alisema kwa ukali ulionishtua. Kisha, chini: "Huyo Swichi atadhani nimemkasirikia."

Nilimtazama. Alikuwa anatazama dirisha, au mahali palipokuwa na mwanga.

"Soksi," alisema. "Miaka thelathini nashona, leo nafundishwa kwa soksi."

Sikujua kama anacheka. Nilimwuliza kuhusu Jumamosi. Akasema neno lake kwa kaka ameshalitoa na mtu atakuja. Akaniomba nisimwambie kaka habari ya macho. "Nitamwambia mwenyewe. Siku nikiweza."

Kesho yake asubuhi, nikiwa nasugua sufuria, aliniita chumba cha mbele. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na ule mfuko wa nyuma ya mlango.

"Fumua mikono yote miwili," alisema. "Taratibu. Ukichana kitambaa nitakurudisha chuo."

Nilifumua. Ilinichukua karibu saa nzima. Kisha alikaa, akasema, "Haya. Nisomee hili gauni kama unavyowasomea hao watu wako."

"Ni gauni la..."

"Ukisema zuri nakufukuza."

Nilimsomea. Nilimwambia rangi ilikuwa zambarau kama bilinganya iliyooshwa. Nilimwambia kwapa la kulia lilikuwa na nyuzi mbili zilizobaki, na bitana imevutika kidogo mgongoni. Alisikiliza huku vidole vyake vikinifuata, na mara mbili vilinitangulia: "Hapo kiunoni hapakuvutika, hapo ndivyo nilivyopakunja." Alishika mkono wa kwanza, akaupapasa ukingo wa juu mahali unapopinda, akaupindua, akaupapasa tena.

"Huu wa kulia," alisema. "Ni kweli?"

"Wa kulia, Mama."

Akafunga fundo moja. Kwenye wa pili alifunga mawili. Kisha akavirudisha vyote mfukoni, akaniambia sufuria haijioshi yenyewe.

*

Mnunuzi alikuja Jumamosi saa nne na gari dogo la mizigo. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye gundi kavu kwenye kucha. Kaka alitoa shuka lile la maua kwa mbwembwe, kama anayezindua jengo.

"Chuma cha zamani hicho," alisema. "Siku hizi hawatengenezi."

"Naona," alisema mnunuzi. "Mama, inawezekana kuijaribu?"

"Nitakuonyesha mwenyewe," alisema Mama. "Ina tabia zake."

Alikaa. Aliuelekeza uso wake dirishani, si kwenye cherehani. Sindano ya cherehani niliitunga mimi, kwa kuwa aliniambia "tunga" bila kugeuka, na kaka akanitazama kwa mshangao. Mama alitia mkono kwenye ule mfuko wa gauni, akapapasa, akapata fundo moja. Akalaza kitambaa, akaanza kukanyaga.

Sauti ile ilikuwa imepotea nyumbani kwa karibu miezi miwili. Sikujua nilikuwa nimeikosa kiasi hicho mpaka nilipoona nimeshika ukingo wa meza. Mama alikwenda polepole, vidole vya kushoto vikitangulia sindano kwa upana wa kucha, akizunguka kwapa lote bila kusimama.

"Inakwenda vizuri," alisema mnunuzi. "Mimi nimeridhika. Tunaweza kuipakia?"

"Ngoja nimalize na wa pili," alisema Mama.

Tulingoja. Alipapasa mafundo mawili, akashona. Kaka alitazama saa yake. Mikate ilikuwa garini.

"Haya, Mama, sasa..."

"Bitana imevutika mgongoni. Nikiiacha hivi ni aibu."

Akafumua, akashona bitana. Mnunuzi alikubali maji ya kunywa. Baada ya bitana Mama alikumbuka pindo. Baada ya pindo alimuuliza mnunuzi shati lake linabana wapi, maana alikuwa anasikia mshono unalia akiinama. Mnunuzi alijipapasa kwapani, akakiri. Kisha akaweka glasi mezani, akaanza kucheka, tumbo zima likicheka naye.

"Mama," alisema, "hii huiuzi."

"Nani kasema siuzi? Nimetoa neno."

"Neno umelitoa, lakini mguu haujashuka kwenye kanyagio tangu nilipofika. Nitatafuta nyingine." Akamgeukia kaka. "Kijana, usimuuzie mtu mguu wake."

Alipoondoka, kaka alisimama katikati ya chumba mikono kiunoni. "Mama! Mtu nimemtafuta wiki tatu! Kama ulikuwa unataka kushona si ungesema?"

"Njoo hapa," alisema Mama. "Si huko. Huko sikuoni."

"Hunioni vipi, niko hapa pembeni yako?"

"Ndiyo hivyo. Pembeni sikuoni."

Akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache, akiwa bado amelishika gauni, na alipofika kwenye kifungo kaka alishika shati lake, akakitazama kile kifungo cheupe chenye uzi wa kijani. Alikuwa amelivaa lile shati wiki nzima.

"Bosi aliniuliza," alisema kwa sauti ya mtu ambaye moyo wake umefika mwishowe. "Nikamwambia ndiyo mtindo."

Mama alitaka kukifumua. Kaka alikataa. Bado kiko hivyo.

*

Jumanne tulimpeleka hospitali, sote watatu kwenye gari la mikate, tukinuka kama kiamsha kinywa. Daktari wa macho alipima presha ya jicho, akamwonyesha Mama, yaani alituonyesha sisi, mchoro wa kile kilichopotea. Kilichopotea hakirudi, alisema. Kilichobaki kinaweza kulindwa, kwa dawa ya matone asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja. Mama aliuliza swali moja: kama kukanyaga cherehani kunaharibu macho. Daktari alisema hapana. Mama alitugeukia kama wakili aliyeshinda kesi.

Mambo hayakuwa kama zamani, na sisemi yalikuwa. Kila uzi katika kasha lake sasa una fundo lake. Hakati tena kitambaa peke yake. Mimi namsomea mistari ya chaki na yeye anabishana nami. Kazi zinakuja chache, nyingine kutoka kwa watu wa mtaani waliosikia cherehani dirishani. Gauni la zambarau limetundikwa karibu na kioo. Mwenyewe hajaja. Mama anasema akija atalijaribu, na atanyanyua mikono.

Bawabu niliandikiana naye faragha nikamweleza yote, pamoja na kosa langu la kudhani kisanduku ni mahali pa siri. Nilimjibu na lile swali lake la mlangoni, safari hii kwa mstari mmoja. Alinijibu: "Sasa umeingia." Kisha kijiji kikazimika. Ufagio.

Jumapili mchana Mama alisema anataka kupiga hodi.

"Nipige picha hapa, kwenye cherehani. Halafu andika nyuma."

"Niandike nini?"

"Andika: mwanamke mnene kiasi..."

"Mama, wewe si mnene."

"Andika ukweli, si ndiyo kanuni ya kwenu? Mnene kiasi, kitambaa cha kichwa cha njano, miwani haina kazi lakini inampendeza. Nyuma yake gauni la zambarau lenye mikono iliyo mahali pake." Alifikiri. "Na pale mbele, pa kila mtu, weka hivi: Hodi. Mimi ni fundi. Naona kidogo. Nimewahi kuweka mkono wa kushoto kulia, mkitaka kucheka chekeni leo, kesho nina kazi. Mwenye swali la mshono aulize. Swichi, nimelisikia la soksi."

Niliandika kama alivyosema, sikuongeza neno, nikabonyeza. Mama alichomoa waya wa masikio, akaiweka simu juu ya meza ya kukatia ili sote tusikie, akarudi kukanyaga. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya chungwa.

Kwa dakika kumi hakukuwa na kitu. Kisha ile sauti ya kokoto ikaanza. "Mama Swichi anasema: ka-ribu, mwenzangu, nimekungoja. Bawabu anasema: karibu, fundi. Muuza mbao anasema: karibu, nina swali la zi-pu." Mama alisimamisha mguu, shingo imeinama kidogo, akisikiliza kila mmoja hadi mwisho. Sauti iliponyamaza aliuliza:

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja, Mama."

"Kumi na mmoja!" alisema kaka, chungwa mdomoni. "Kwenye gari langu la mikate wanaingia wote."

"Wanatosha," alisema Mama. Vidole vyake vilikuwa vimeshapata fundo la kwanza. "Huyo wa zipu mwambie asubiri. Nina mkono hapa."